Mama anataka arobaini ya baba, na mimi naamini ni bidaa

Assalamu alaykum warahmatullah, mama mshauri.

Naandika usiku, mke wangu na watoto wamelala, maana mchana sina pa kukaa peke yangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naishi Tanga mjini, Ngamiani, hatua chache kutoka nyumba ya wazazi wangu. Nina kibanda cha kutengeneza simu. Baba yetu amefariki siku ishirini na nne zilizopita. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya wanaume wa mtaa wetu wamesalia Idi ndani ya kanzu zake.

Miaka miwili nyuma nilianza kuhudhuria darasa katika msikiti wa watu wa Sunna. Kabla ya hapo, nakiri, swala yangu ilikuwa ya Ijumaa kwa Ijumaa. Darasa lile limenitoa mbali. Niliacha mirungi, nikajifunza tajuwidi, na ndoa yangu iliyokuwa inayumba ikatulia. Nayataja haya ili usinione kijana aliyelishwa maneno akayameza bila kutafuna. Baba hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, "Alhamdulillahi, bora anaswali."

Nyumbani kwetu kuna kasha la mbao lenye juzuu thelathini za Qur'ani, baba alilirithi kwa babake. Kila juzuu aliishonea jalada kwa vipande vya vitambaa vya kanzu vilivyobaki mezani. Kukiwa na msiba mtaani, mtoto hutumwa kwetu: "Mama anaomba juzuu." Ile ya kumi na saba ilipotea zamani katika msiba mmoja, baba akainakili mwenyewe kwa mkono. Hadi leo ukipewa hiyo, wewe ndiye wa mwisho kumaliza, maana mwandiko wake mgumu.

Wiki moja kabla ya kufa, hospitalini, alinishika mkono, mdogo wangu wa kiume yupo, akasema: "Msije mkaniacha bila kunisomea." Nikamjibu, "Inshallah, baba." Wakati ule ningemjibu nini kingine?

Siku ya tatu hitima ilisomwa barazani. Mimi nilikaa kibarazani kwa jirani. Ilipofika dua watu wakainua mikono, yangu ikabaki mapajani. Mama yuko eda, lakini dirisha la chumba chake linatazama baraza. Usiku akaniita, akaniuliza nina nini. Nikamwambia: "Mama, haya mambo Mtume hakuyafanya. Ni bidaa, na hayamfikii maiti." Alikuwa anakunja kanga. Akaikunja mpaka ikawa ndogo kabisa, akaiweka. Kisha akasema: "Kwa hiyo miaka yote hii namsomea mama yangu Yasini kila usiku wa Ijumaa, nilikuwa nasomea ukuta?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, nikienda pale chakula changu ananiletea kwa mkono wa mtoto.

Sasa arobaini imebaki siku kumi na sita. Mdogo wangu, ambaye ni msomaji wa maulidi na ana sauti mashallah, ameshapanga: mchele, mbuzi wawili, turubai, masufuria ya kukodi, walimu wa kuja kusoma. Hesabu imefika shilingi 1,400,000. Baba ameacha pesa taslimu shilingi 2,300,000, cherehani mbili na nyumba. Mwenye duka la vitambaa anamdai 380,000, lakini yule mzee ni muungwana, hajatamka neno. Dada yetu mkubwa yuko Oman kikazi, anasema ifanyike kubwa, baba asionekane hana watu. Yuko pia mdogo wetu wa kike wa mama mwingine, ana miaka kumi na mmoja, analelewa na bibi yake mzaa mama huko Pangani. Wazazi wa baba walishatangulia zamani.

Ustadhi wangu ameniambia nisihudhurie, kwamba mwenye kuzidisha idadi ya watu huhesabiwa nao, na kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mdogo wangu naye alinitolea uvivu mbele ya watu: "Nyinyi mmezaliwa juzi. Ina maana babu zetu wote walikuwa wajinga?" Mke wangu anasema niende, nikae nyuma, nirudi. Kwake rahisi.

Nikihudhuria, si nimeisaliti dini yangu? Nisipohudhuria, si nimemuasi mama na nimevunja ahadi niliyompa mtu anayekufa? Nisaidie, mama.

Mtoto wa fundi, Tanga


Wa alaykumus salam warahmatullah wabarakatuh, mwanangu.

Allah amrehemu mzee wako, aipanue kaburi yake, na awape subira nyote mliobaki, hasa huyo mama aliyekaa nyuma ya dirisha.

Niseme mapema kwamba mimi si mufti wala kadhi, na fatwa hupati hapa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale nilipoona nitateleza nimemuuliza mwenye elimu kabla ya kuandika. Juzuu za kunakiliwa kwa mkono nazijua pia. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunazikwepa kwa hila zote, na kila mara ilikuwa inaniangukia mimi.

Unaniuliza kama ni bidaa, lakini kila nikirudia barua yako naona hilo umeshajijibu. Kinachokuamsha usiku ni lile swali la mama kuhusu ukuta. Basi tuanze na ukuta.

Ulimwambia "hayamfikii maiti". Hayo uliyoyaita "haya" ni yapi? Maana mle ndani mlikuwa na mambo mengi: Qur'ani, dua, sadaka ya chakula, kukusanyika, siku maalumu. Wewe uliyafunga yote kwenye kanga moja ukayatupa. Hadithi aliyoipokea Muslim inasema mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mama yako ni mtoto wa mama yake. Kama kila usiku wa Ijumaa alifunga msahafu wake akasema Mola mrehemu mama yangu, ile dua haikuishia ukutani, na sidhani ustadhi wako atakupinga hapo. Katika Bukhari, Sa'd bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama akimtolea sadaka itamfaa. Akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake. Suratul Hashri, aya ya 10, imewasifu waliokuja baadaye wakawaombea msamaha ndugu zao waliowatangulia kwa imani. Hayo hayana mgomvi. Kwa hiyo uliyomwambia mama yako, hata ukiyapima kwa mizani ya darasa lako mwenyewe, yalizidi.

Kilichobaki kwenye mvutano ni thawabu za kile kisomo chenyewe. Hapo nikuonyeshe kitu ambacho nadhani hakitampendeza yeyote kati yenu wawili. Kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya babu zetu wa mwambao na ndiyo anayoitetea mdogo wako, ni kwamba thawabu za kisomo hazimfikii maiti. Imam Nawawi ameinukuu. Waliofuata baadaye ndani ya madhehebu hayo hayo wakasema zinafika, iwapo msomaji atamwomba Mungu azifikishe. Upande wa pili, Ibn Taymiyya, ambaye jina lake bila shaka unalisikia darasani mara kwa mara, alikuwa na rai kwamba kisomo kinamfikia maiti, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaiunga mkono. Mmeshika kila mmoja kamba ya mwenzake! Simaanishi kwamba Ibn Taymiyya angekuja kukaa kwenye jamvi la arobaini. Kukusanyika kwa ajili hiyo, kwa siku iliyopangwa, ni mlango mwingine, na huko ndiko neno bidaa linakoingilia.

Tuuingie huo mlango. Bi Aisha, Allah amridhie, amepokea kwa Mtume kwamba mwenye kuzua katika jambo letu hili lisilokuwamo, litarudishwa. Imo katika Bukhari na Muslim. Jabir naye amepokea kwamba kila bidaa ni upotevu. Maneno mazito, na mtu akiyaogopa simlaumu. Kisha kuna Umar bin al-Khattab, aliyewakuta watu msikitini usiku wa Ramadhani wanaswali vikundi vikundi, akawakusanya nyuma ya Ubayy bin Ka'b. Usiku mwingine akapita, akawaona wamepanga safu moja, akasema: bidaa nzuri iliyoje hii. Waliosema kuna bidaa njema wakaishika kauli hiyo. Izz al-Din bin Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, akazigawa bidaa mafungu matano, kuanzia ya wajibu mpaka ya haramu. Wanaokataa wakajibu kwamba tarawehe haikuwa mpya. Mtume aliiswali na watu siku chache, akaacha kwa kuchelea isije ikafaradhishwa, na Umar alitumia neno hilo kwa maana ya lugha tu. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, akaliandikia jambo hili kwa kirefu. Yeye hakukubali kuwa katika ibada kuna bidaa njema, na akaeleza kwamba bidaa nyingine asili yake ni halali kabisa, ila watu wameifunga kwenye namna au wakati ambao sheria haikuufunga.

Arobaini yenu imekaa hapo hapo. Kusoma Qur'ani kuna asili, kuomba kuna asili, kulisha watu kuna asili. Namba arobaini haina hadithi sahihi ya kuifanya siku ya kisomo, na wanaoisoma nao wengi watakwambia ni desturi tu ya kukutana, si sharti la dini. Swali ni kama desturi ikikaa muda mrefu, watu wakaona haya kuiacha kuliko wanavyoona haya kuiacha swala ya alfajiri, bado ni desturi? Hilo ni swali zuri la kumuuliza mdogo wako, kwa sauti ya chini, wakati hakuna watu. Na lako la kuulizwa ni hili: kati ya desturi yenye asili inayobishaniwa na maasi yaliyo wazi, hujaona tofauti? Maana kauli ya "hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba" ni ya maasi. Rudi kwa ustadhi wako. Ulipomuuliza ulimweleza yote? Ulimwambia kuhusu ile "Inshallah" ya hospitalini, na kwamba mama yuko eda na hawezi kutoka kukufuata? Mwalimu hujibu alichoulizwa. Ukimuuliza "hitima inafaa?" atakupa jibu moja, na ukimuuliza "mama yangu amevunjika moyo, nifanyeje nisimpoteze wala nisiipoteze Sunna?" huenda ukapata jingine.

Mdogo wako naye, hilo la "mmezaliwa juzi" si kweli. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa akikemea bidaa kwa Kiswahili katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, kabla baba yenu hajashika sindano. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyeifasiri Qur'ani na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika juu ya hayo hayo na akarushiana maneno na masheikh wenzake. Hawa hawakuletwa na meli. Ni watoto wa mwambao, wamelelewa katika fiqhi ile ile ya Shafi, na walikuwa na wapinzani wenye elimu kama wao. Ugomvi wenu una mvi nyingi, mwanangu. Hamtaumaliza kwa siku kumi na sita, wala sioni kwa nini mama yenu awe ndiye uwanja wake.

Sasa niguse ulichokitaja kwa mstari mmoja ukapita.

Baba yako anadaiwa shilingi 380,000. Mwenye duka hajatamka neno kwa sababu ni muungwana, wewe mwenyewe umesema. Tirmidhi amepokea kwamba nafsi ya muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka alipiwe. Katika Bukhari, aliletwa maiti aliyekufa na deni, Mtume akawaambia masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake. Siku ishirini na nne zimepita. Mmegombania kisomo, mmehesabu mbuzi, mmepanga turubai, na deni liko pale pale. Sijasikia msikiti, wa kwenu wala wa mdogo wako, unaosema hilo lingoje.

Kisha yule mtoto wa Pangani. Nimechukua kalamu, nikahesabu pesa taslimu peke yake, nyumba na cherehani nikaziacha kando. Toa deni, zinabaki 1,920,000. Mama yenu ana thumni, yaani moja ya nane, 240,000. Zinabaki 1,680,000, mafungu sita: nyinyi wanaume wawili mafungu mawili kila mmoja, dada zenu wawili fungu moja moja. Fungu ni 280,000, na hilo la mtoto wa Pangani ni lake. Sasa anza na arobaini: toa kwanza zile 1,400,000. Zinabaki 520,000. Mama 65,000, na yule mtoto elfu sabini na tano na ushee. Hakuulizwa, na hata angeulizwa, mtoto wa miaka kumi na mmoja hana ruhusa ya kutoa mali yake. Suratun Nisaa, aya ya 10, wewe unaisoma vizuri kuniliko: wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Wale wageni watakaomega pilau na kumwombea baba yenu hawatajua kwamba kwenye sinia mna mkono wa yatima.

Mtapeleka hesabu kwa kadhi au shehe mnayemwamini nyote, aithibitishe, asije akawa mwanamke wa gazetini ndiye amewagawia mirathi. Mkamuulize pia kama maneno ya hospitalini ni wasia wa kisheria au ni ombi la mzazi kwa wanawe. Wasia hauvuki theluthi na hautangulii deni. Lakini yasikilize tena maneno yenyewe. Baba alisema msije mkaniacha bila kunisomea. Mbuzi hakuwataja.

Na kuhusu chakula, hapo vitabu vya mdogo wako vitamsumbua kuliko vyako. Ja'far bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Majirani ndio waliopika. Imam Nawawi, huyo huyo wa Shafi, amenukuu kwamba wafiwa kupika na kukusanya watu ni jambo lisilopokewa, nalo halipendezi. Sisi mwambao tumeligeuza. Mfiwa ndiye anayesimama juu ya sufuria, kisha anabaki na deni la mchele. Nimewahi kumuona mjane mmoja anauza bangili zake wiki moja baada ya arobaini, na waliokula walipita mlangoni pake wanamsalimia kwa adabu zote. Mimi hili limeniudhi miaka mingi, kwa hiyo kama nimepandisha sauti, unisamehe.

Baada ya hayo yote, ufanye nini? Njia ziko kadhaa, na kila moja ina miiba.

Unaweza kukaa mbali kabisa siku hiyo. Utakuwa umefuata ulichofundishwa, na huenda moyo ukatulia kwa upande wa swala yako. Lakini mama ataiona nafasi yako tupu kutoka dirishani, na watu wataijaza kwa maneno yao. Kukaa mbali kimya, bila kumweleza, nadhani kutaumiza kuliko kukaa mbali kwenyewe. Ukiamua hivyo, amka mapema uende kwake wewe mwenyewe, si kwa simu, umwambie utakuwa wapi na kwa nini, na urudi jioni. Luqmani, aya ya 15, inamzungumzia mtoto ambaye wazazi wanamvuta kwenye shirki yenyewe. Haruhusiwi kuwatii, na bado anaambiwa akae nao duniani kwa wema. Mama yako hakuiti kwenye shirki.

Unaweza kufuata ya mke wako: nenda, kaa nyuma, rudi. Usimdharau, amesema la busara kuliko ulivyoliona. Ila ujipime. Kama utakaa pale uso umekunja, mikono mapajani, watu wote wanakutazama wewe badala ya kumkumbuka marehemu, hapo umemsaidia nani? Na kama utainua mikono kwa kuona haya tu, utarudi nyumbani unajichukia, na chuki hiyo mtu huishushia walio karibu. Wapo wanaokaa kati: anapokea wageni, anaandika majina ya waliokuja, anahakikisha mama amekula, na saa ya kisomo anakuwa ndani na mama. Wengine hawaoni hilo kuwa ni kuunga mkono bidaa. Wengine wanaona. Muulize ustadhi wako kwa namna hiyo, kwa undani wake.

Njia ya tatu inahitaji mkae chini, wewe na mdogo wako, na ni ngumu kwa sababu mmeshatoleana maneno mbele ya watu. Mnaweza kukubaliana mambo ambayo kila mmoja wenu anayaamini bila kumnyenyekea mwenzake. Deni lilipwe. Fungu la yatima litengwe kabla ya chochote. Kama dada yenu wa Oman anataka kulisha watu, atume za kwake, na wapo watoto wa madrasa na majirani masikini wa kulishwa, siku yoyote, kwa nia ya sadaka kwa baba. Anayetaka kusoma asome. Hatari yake ni kwamba mdogo wako anaweza kudhani unatumia deni na yatima kama fimbo ya kuiua hitima. Kama hiyo ndiyo nia yako, ataisikia kwenye sauti. Kwa hiyo jiulize kabla hujaenda: endapo pesa zote zingekuwa za dada yenu, na yatima amepata haki yake, bado ungekuja kukaa na mdogo wako? Jibu lake liwe nawe kabla hujagonga mlango.

Dada yako naye usimsahau. "Baba asionekane hana watu": hiyo ni sauti ya mtu aliyezikiwa baba yake akiwa mbali. Anataka pilau kubwa kwa sababu hakuwahi kushika jeneza. Mpigie, umweleze kaburi liko wapi, nani alishuka mwanandani, mvua ilinyesha au haikunyesha. Huenda kiasi cha mchele kikapungua chenyewe.

Mama ndiye nimemweka mwisho. Eda yake ni miezi minne na siku kumi. Arobaini ikipita, turubai likishushwa, bado atakuwa na karibu siku tisini mle ndani, na hao wasomaji wote hawatakuwapo. Wewe unaishi hatua chache. Nenda kamwambie kwamba siku ile ulisema kuliko unavyojua, na kwamba dua zake kwa bibi hazikwenda ukutani. Huhitaji kukubali arobaini ili useme hilo. Yeye anaweza asikujibu. Anaweza akakunja kanga nyingine. Kaa tu.

Na ile juzuu ya kumi na saba, huanza na Suratul Anbiyaa. Itoe kwenye kasha usiku mmoja, usiwe wa arobaini wala siku yoyote yenye jina, ukae karibu na mama umsomee kwa mwandiko wa baba. Ukikwama, mwache akusahihishe. Yeye mwandiko ule ameuzoea.

Niandikie nijue mwenye duka alisema nini ulipomkabidhi pesa zake.

Mshauri wenu